Diski ya Amanda

Jumapili, 4 Mei 2025

Asubuhi kompyuta imenitisha tena. Skrini nyeusi, maandishi meupe: diski namba mbili iko katika hali mbaya, hifadhi vitu vyako, bonyeza F1 kuendelea. Nimebonyeza F1. Tangu Februari nabonyeza F1 kila siku, na kila siku naendelea!

Programu ya kupima afya ya diski inaonyesha njano. Sekta mbovu, yaani vipande visivyosomeka tena, kumi na sita. Pasaka zilikuwa nane. Diski hii niliinunua Lilongwe mwaka 2011, tayari imeshatumika, kwa hiyo hata umri wake wa kweli siujui. Mimi nina hamsini na miwili na hakuna anayenipima.

Baada ya misa nimefunga mlango, nimevaa hedifoni, nimesikiliza faili la Amanda. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Ndiyo Jumapili yangu, miaka kumi na mitatu sasa.

Amanda ni binti yangu. Humu kwenye daftari naweza kuandika hivyo. Kwenye karatasi zote nyingine za dunia ni mtoto wa dada yangu Goreth, na mimi ni mjomba — tonton Épitace. Wako Kanada, mji wa Sherbrooke. Mtoto ana miaka kumi na tisa. Picha zake ninazo nyingi, sauti zake za WhatsApp ninazo nyingi. Lakini hili ni faili pekee ambamo ananiita Papa.

Leo, katikati, diski imegonga. Tik. Tik-tik. Halafu ikaendelea kama haikufanya kitu. Nimekaa na mkono juu ya kasha la kompyuta mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 6 Mei

Pascaline Wilondja amekuja na flashi yake. Ndiye kiongozi wa kwaya yetu, mama wa Fizi, Kongo, sauti yake inasikika mpaka bombani. Anataka nyimbo za 2014 nilizowarekodi mimi, enzi za Bisimwa kuimba besi. Bisimwa yuko Australia sasa na besi yake yote.

Nyimbo kumi zimechukua nusu saa. Diski imegonga mbele ya mgeni, nimeona haya. Nikamwambia nafikiria kununua nyingine. Mama huyo alicheka!

"Disque mupya? We Papa Épitace! Orodha iko karibu kutoka, na we unanunua bintu bya kukaa? Utaiachia nani?"

Huo ndio ugonjwa wetu sisi wakimbizi wa Dzaleka, tunaongoja orodha ya watakaopelekwa kuishi ng'ambo. Aliyefanyiwa mahojiano ya safari hanunui kitanda. Mimi nilihojiwa 2019, nikahojiwa tena 2023, na tangu 2019 mlango wangu unafungwa kwa waya, maana nani ananunua bawaba za nyumba anayoihama? Paa la Pascaline linavuja juu ya kitanda. Hajatengeneza paa. Amesogeza kitanda. Amekisogeza mara tatu, sasa kiko karibu na jiko.

Kuna jamaa mmoja alinunua kochi, na wiki hiyohiyo akaitwa. Baada ya hapo watu wawili wakanunua makochi ili waitwe. Bado wanayakalia.

Nimeona niahirishe. Orodha ikitoka, nitanunua diski nzuri hukohuko.

Jumamosi, 10 Mei

Amanda amepiga, kwa video. Amesuka nywele, rangi ya kahawia kwenye ncha. Anafanana na marehemu mama yake kiasi kwamba nilisahau kusalimia.

"Tonton, ça va? Kuko baridi huko?"

Kuko baridi, nikasema. Amepata kazi ya likizo maktaba, anarudisha vitabu kwenye rafu. Septemba anataka kuingia université. Goreth akapita nyuma yake na kapu la nguo, akanisalimia kwa Kirundi, akauliza kama bado nina ile kompyuta yangu ya zamani. Nikasema ipo, inakohoa. Akanikazia macho. Mwaka 2013 aliniambia nilifute faili lile, nikamwambia nimeshalifuta.

Goreth alipoingia chumbani, Amanda akasogeza simu mdomoni. Kuna kitu anataka kuniuliza, akasema, siku maman hayuko. Maman ni Goreth. Halafu hatua zikarudi, naye akaanza kusimulia theluji ya Aprili.

Kambi nzima inaniita Papa. Papa Épitace, Papa diski, Papa kwaya. Watoto wa jirani wakitaka katuni wananiita Papa mara kumi kwa dakika. Mmoja tu haniiti, na mmoja huyo ndiye ninayemtaka. Nina hamu naye hadi naumwa hapa, chini ya mbavu. Hiyo si mashairi, ni mahali hasa.

Sekta mbovu ishirini na nne.

Jumapili, 18 Mei

Limekwama. Dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Kiduara kinazunguka, diski inagonga tik-tik-tik, kompyuta nzima imeganda. Nimeizima kwa kuchomoa waya — jambo ninalowakataza watu wote wa Dzaleka.

Wacha niandike namna faili lilivyotokea. Nikilipoteza, litabaki hapa.

Tulipofika Malawi, 2008, nilikuwa na malaria. Nilikuwa nimelala nje ya ofisi chini ya blanketi. Mama yake Amanda alikuwa ameshafariki, tumemzika Rutana, kwetu Burundi. Aliyepanga foleni ni Goreth, mtoto mgongoni. Karani akaandika: Goreth, mjane, mtoto mmoja. Mimi niliandikwa kesho yake: mwanamume, peke yake. Kosa tuliliona siku hiyohiyo. Tukasema tutalirekebisha tukipata nguvu.

Halafu 2012 dosiye ya Goreth, karatasi zake za ukimbizi, ikaitwa kwa safari ya Kanada. Mjane na mtoto, hao wanapita haraka. Kosa likageuka bahati. Tukakubaliana aende naye, mtoto asome, mimi nitawafuata baada ya miaka miwili. Miwili!

Ila mtoto wa miaka sita hajui dosiye. Angeulizwa huyu bwana ni nani, angesema ukweli, na wote wawili wangebaki. Ilibidi afundishwe. Na mimi njia ya kufundisha ninayoijua ni moja, ya kwaya: narekodi, wakikosea nawasikilizisha kosa lao, wanaanza upya. Nikamfanyia vilevile. Nikakaa nyuma ya meza, kalamu sikioni, najifanya afisa. Unaitwa nani? Amanda. Mama yako ni nani? Maman Goreth. Vizuri. Na huyu bwana mliyekuja naye?

"Papa!"

Anacheka, maana afisa na papa ni mtu mmoja. Kisha inasikika sauti yangu: Hapana. Tena.

"Papa!"

Hapana. Tena.

Mara saba anasema Papa. Mara saba namwambia Hapana. Dakika ya nne ndipo anasema tonton, pole pole, na inasikika pakiti ya biskuti ikipasuliwa. Hiyo ilikuwa zawadi.

Faili nililificha ndani ya folda inayoitwa Drivers, mahali ambapo hakuna mtu anayetafuta nyimbo. Sijawahi kuliweka kwenye flashi. Flashi za kambini zinatembea mkono kwa mkono kuliko pesa. Likifika kwa mtu mwenye chuki na Goreth, kwisha habari yetu. Kwa hiyo liko mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo panagonga.

Jumatatu, 19 Mei

Sijawasha kompyuta. Wateja watatu waliokuja kuwekewa nyimbo kwenye flashi nimewaambia umeme ni mbaya, na umeme ulikuwa mzuri sana leo, aibu.

Nimempigia Byamungu. Ni Mkongo, Mshi wa Bukavu, ameoa Mmalawi, ana meza ya kutengeneza kompyuta kule Mchesi, Lilongwe. Anaifahamu mashine yangu kuliko mimi.

"Mzee, uliizima? Basi ibakie vile. Usiiwashe tena hata kidogo. Uilete na disque mupya, tuhamishe bintu. Kila unaiwasha, unaimaliza."

Akauliza humo ndani kuna nini cha maana. Nikasema kwaya. Nikamuuliza kama kusikiliza kitu kilekile kila wiki kunaila diski. Akasema hapana, ni umri, vumbi na umeme wa kukatikakatika. Sikumwamini. Mahali palepale, kila Jumapili, miaka kumi na mitatu. Naona kama mimi ndiye niliyepachimba.

Alhamisi, 22 Mei

Nilikuwa tayari kwenda kuomba kibali cha kutoka kambini. Nimekutana na Pascaline njiani, anakimbia na kanga begani. Orodha! Mwisho wa mwezi! Amesikia kwa mtu anayefagia ofisini. Mara hii ni ya wale wa 2019 na wa 2023.

2019 na 2023 ni mimi hasa.

Nikarudi nyumbani. Siku nane si kitu. Kama jina langu liko, pesa ya diski itanunua viatu, na diski hii mbovu nitaifunga kwenye sweta niende nayo mkononi mwangu. Byamungu si yeye pekee mwenye mashine. Huko watakuwa na mashine ambazo zinasoma hata diski iliyokufa.

Nafahamu ninachofanya. Nakifanya.

Ijumaa, 30 Mei

Hakuna orodha. Ubaoni kuna tangazo la kikao cha maji na picha ya mbuzi aliyepotea. Tulisimama watu kama sitini tukimtazama mbuzi.

Nimerudi na hasira. Nikaiwasha. Kuangalia namba tu, nilijiambia. Mia moja na kumi na mbili, na rangi sasa ni nyekundu. Halafu, kwa kuwa mkono huu hauna akili, nimebonyeza na faili. Halikuanza kabisa. Tik-tik-tik-tik. Nikazima.

Nimejitukana kwa Kirundi, lugha inayofaa zaidi kwa kazi hiyo. Siku kumi na moja tangu Byamungu aniambie nisiiwashe, nimezitumia kungojea mbuzi.

Jumapili, 1 Juni

Jumapili ya pili bila sauti yake — ile ya tarehe kumi na nane siihesabu, ilikuwa nusu.

Nimejaribu kuisikia kichwani, bila mashine. Nimefunga macho. Nikaanza: huyu bwana ni nani? Ikaja sauti ya Amanda wa sasa, ya mwanamke, yenye Kifaransa cha Kanada. Ya miaka sita haikuja. Nimejaribu mara nyingi. Maneno nayajua yote, pumzi zake nazijua, anapovuta kamasi napajua, lakini sauti yenyewe haiji. Nilidhani ninayo! Nilidhani diski ni ya ziada tu.

Nimeogopa, sifichi.

Jumatano, 4 Juni

Nimeuza begi la safari.

Nililinunua 2019, wiki ya mahojiano. Kubwa, la bluu, lenye magurudumu. Limekaa chini ya kitanda changu miaka sita, kila mwezi nalitoa nalipangusa. Kila aliyehojiwa analo la kwake. Mgeni akija unaliacha lichungulie kidogo, ajue unaondoka.

Aliyelinunua ni Pascaline. Begi lake panya wamelitoboa.

"Papa Épitace, unakata tamaa?"

Nikasema sijakata tamaa, nataka diski.

"Basi mi nitalitunza. Orodha ikikuita, utakuja kulichukua kwangu. Na mi bakiniita mbele yako, utanisindikiza nalo." Akajaribu magurudumu sakafuni. "Ile disque iko na nini ya kuzidi safari?"

Nikasema iko na kwaya yake. Mama wa watu machozi yakamlengalenga. Akanishukuru kwa niaba ya kwaya nzima! Nimejiona mwongo wa kupigiwa mfano.

Chini ya kitanda sasa kuna nafasi ya mstatili isiyo na vumbi. Nimepata kibali. Naenda Jumanne. Nikirudi nitanunua na bawaba.

Jumanne, 10 Juni. Mchesi

Diski nimeileta ndani ya sweta, mapajani, njia nzima. Kijana wa kabaza, baiskeli ya abiria, alipotaka kuruka tuta nilimpigia kelele hadi akasimama kuuliza nimebeba mayai au nini.

Byamungu amenenepa. Wateja anawajibu Kichewa, asante zao za zikomo huku, zikomo kule, akinigeukia ni Kiswahili cha Bukavu kilekile. Tumenunua diski mpya duka la jirani, ndogo kama kitabu cha sala. Ameichomeka ya zamani kwenye mashine yake, ameinamisha sikio, amesikiliza. 

Kisha amenieleza. Diski ikiwa nzima unahamisha vyote kwa mpigo mmoja. Hii haitafika mwisho. Itabidi twende folda kwa folda, na kila saa inayopita inazidi kuchoka. Kwa hiyo cha kwanza kiwe kile ninachokitaka kuliko vyote.

"Mzee, njo maana nakuuliza. Tuanze na nini?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama pale, mmoja wao mtu wa kambini ninayemjua kwa sura. Byamungu ameshika kipanya cha kompyuta, ananitazama. Folda inaitwa Drivers, kwa herufi kubwa, naiona kabisa kwenye skrini.

Nikasema: kwaya.

Tumehamisha kwaya mchana kutwa. Pasaka 2012, Noeli 2012, Pasaka 2013. Inagonga, inapumzika, inaendelea. Nalala kwa mama mkwe wake, mtaa wa Area 49. Amenipa nsima, ndiyo ugali wao, na samaki, na nimeshindwa kula vizuri, mama wa watu akadhani sipendi samaki.

Jumatano, 11 Juni. Mchesi

Miaka mitatu ya kwaya imepita kati ya tisa. Saa sita mchana diski imeanza kutoa mlio mwingine, wa kukwangua. Byamungu amerukia waya, ameuchomoa. Aliigusa, akatoa mkono haraka. Moto.

Amefunga kibao cha meza, amewaambia wateja warudi kesho. Akavuta stuli.

"Imebakia na masaa kidogo tu. Labda mawili, labda hakuna. Mi sijawahi kuona mutu anatoka jasho namna hii juu ya kwaya. Sema ukweli. Iko nini ingine humu?"

Nikamwambia.

Miaka kumi na mitatu sijalitamka kwa mdomo. Nimeliandika humu, nimelisikiliza, sijalitamka. Amanda ni mtoto wangu. Nilisema hivyo, nikasikia jinsi linavyosikika, nikarudia. Halafu nikamweleza foleni, malaria, karani, kalamu sikioni, Hapana, Tena, na biskuti.  

Byamungu akaweka bisibisi chini.

"Na ukasema tuanze na kwaya."

Ndiyo, nikasema.

"Mbele ya batu ukaona haya."

Ndiyo.

Nilingoja anicheke, ana mdomo mkali. Hakucheka. Akasema ana watoto watatu, na kwamba ningesema jana, jana ilikuwa bado na nguvu. Akaifunga diski kwenye kitambaa, akaiweka sakafuni mahali pa baridi. Ipumzike hadi kesho. Kesho tutaanza na Drivers, tujaribu hilo tu, mengine baadaye.

Nimemkumbuka Pascaline na machozi yake. Mungu anisamehe, miaka sita ya kwaya iliyobaki nimeitoa sadaka bila kumuuliza mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni. Mchesi

Naandika kwenye benchi la Byamungu. Saa tano kasoro asubuhi. Niandike kwa mpangilio, mkono unakimbia.

Alfajiri nimeamka nikakuta ujumbe wa sauti wa Amanda, sekunde hamsini. Ameutuma kabla ya kulala, Goreth yuko kazini zamu ya usiku. Nimeusikiliza nimekaa kitandani kwa watu, shuka magotini.

"Tonton, ile swali njo hii. Nilikuwa najaza formulaire ya université. Banauliza jina ya papa. Nikamuuliza maman, akasema andika inconnu, hajulikani. Kama kila siku. Lakini hii mara mkono ilikataa. Juu ya… sijui, tonton. Kuna kitu nakumbuka. Kuna meza, na biscuit. Nasema neno moja, halafu napewa biscuit. Neno ilikuwa tonton." Hapo gari linapita nje huko kwao. "Nani alinifundisha kukuita tonton?"

 Nimekuja Mchesi kwa miguu, kutoka Area 49, ili nisifike haraka.

Saa tatu Byamungu ameiwasha. Drivers. Faili. Programu yake inasoma kipande kidogo kidogo, ikikwama inajaribu tena, mstari wa kijani unasogea. Tulikaa wawili kama tuko kwa daktari. Ilipita dakika ya kwanza. Ilifika pale pa sekunde hamsini na mbili ikasimama muda mrefu sana, inagonga — na ikapita! Byamungu alinipiga begani. Ikaenda. Dakika mbili. Mbili na thelathini. Mbili na thelathini na nane. Hapo imekwangua, ikanyamaza. Haizunguki tena. Ameigusa, ametikisa kichwa. Imekwisha, na kwaya imekwenda nayo.

Lakini hicho kipande kiko kwenye diski mpya, na kiko kwenye simu yangu. Mara ya kwanza kuwa mahali pawili.

Nimekisikiliza. Ni yeye. Ndiyo hiyo sauti ambayo haikuja, yenye kamasi na kicheko! Nimelia barabarani pa watu na sijali. Papa. Hapana. Tena. Papa. Hapana. Tena. Mara tano. Ya tano anaisema kwa nguvu zaidi, amekasirika sasa, anaona afisa huyu ni kiziwi. Kisha mimi: Hapa… na imekatika.

Tonton haimo. Biskuti haimo. Katika kilichobaki, mtoto huyu hajakubali.

Byamungu anauliza nitamwambia nini. Goreth nimemfikiria. Karatasi zao, uraia wao, yote nimeyafikiria, nina miaka kumi na mitatu ya kuyafikiria. Nikituma hiki, Amanda atajisikia akiniita Papa, na atasikia ni nani aliyemkatalia. Vyote viwili viko sekunde moja. Siwezi kumpa kimoja nikabaki na kingine.

Nimemwandikia: Ni mimi niliyekufundisha. Sikiliza. Nimeambatanisha faili.

Halafu nimeangalia saa. Huko kwao bado ni kumi na moja alfajiri. Amelala. Nisimwamshe na jambo kama hili, nitatuma jioni, akiwa ameshakula, au Jumapili akiwa ametulia —

Byamungu amesoma usoni mwangu. "Mzee," amesema. Hilo tu.

Nimebonyeza.

Mtandao wa hapa leo unasuasua. Kiduara kinazunguka juu ya faili, robo, kinarudi, robo. Bado naweza kuufuta ujumbe. Kinazunguka. Nusu.